Theluji ya Aprili huamuliwa usiku

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa mitambo ya ubaridi katika kiwanda cha minofu hapa Mwanza, na kabla ya hapo nilikuwa kwenye boti la kukusanya sangara kutoka Ukerewe. Mwezi wa nne napelekwa Munich, Ujerumani, kwa mafunzo ya wiki tatu. Wenyeji wangu wanasema Jumamosi moja watanipeleka Austria, kwenye glasia ya Stubai, yaani mlima wenye barafu isiyoisha, tukateleze kwa skii, zile mbao ndefu za kufungwa miguuni. Mmoja anasifu kwamba theluji ya Aprili ndiyo tamu kuliko zote. Mwingine anasema asubuhi ni kioo, mchana ni uji, tuondoke alfajiri au tusiende kabisa. Nimshike yupi? Theluji sijawahi kuiona. Mtu kama mimi aende? Avae nini, na hatari iko wapi? Mama yangu hataki hata kusikia habari hiyo."

Marahaba, mdogo wangu. Washike wote wawili, maana wote wanasema kweli, tena kuhusu siku ileile. Theluji ya mwezi wa kwanza kule kwenye milima ya Alps ina tabia moja: inaamka baridi, inalala baridi, na uliyoiacha Jumatatu unaweza kuikuta Alhamisi vilevile. Ya mwezi wa nne hubadilika mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo mtu akiniuliza theluji ya Aprili ikoje, namrudishia maswali mawili: usiku wa kuamkia siku hiyo ulikuwaje, na wewe unataka kuteleza saa ngapi?

Nilifanya kazi misimu tisa katika milima ya Tyrol, hukohuko Austria unakopelekwa. Misimu sita nilikuwa kwenye karakana ya kukodisha skii, nikinoa kingo na kupaka nta. Mitatu nilifundisha watu wazima wanaoanza. Tangu nirudi Mwanza naulizwa mara kwa mara kuhusu theluji, hasa na vijana wanaokwenda masomoni, na kwa kawaida hujibu kwa ufupi. Wewe nitakujibu kwa kirefu, kwa kuwa una kitu ambacho wanafunzi wangu wengi hawakuwa nacho. Umeishi na barafu mikononi.

Rudi kwenye lile boti. Asubuhi mnapakia barafu ya vipande vyembamba, vikavu, vinavyomwagika vyenyewe kutoka kwenye beleshi. Mkifika visiwani jua limekolea, na vile vipande havina ncha tena. Vimekuwa punje zilizolowa, zinateleza moja juu ya nyingine, na maji yanachuruzika kwenda chini ya kasha. Sasa chukua barafu iliyobaki, iache kwenye chumba cha baridi usiku kucha. Asubuhi hukuti punje, unakuta jiwe. Unalipiga beleshi mpaka mkono unauma. Jiwe hilo ukilitoa nje likapigwa na jua, halilegei lote kwa pamoja. Linaanza juu, unene wa kidole kimoja, punje zinaachiana hapo huku chini bado pagumu. Unene huo wa kidole ndio watu wanaoufuata Alps kila Aprili.

Kwa Kijerumani wanaiita Firn. Mimi kwa Kiswahili naiita theluji ya chenga, kwa sababu ukiishika inafanana na chenga za mchele kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Theluji ikianguka kutoka mawinguni huwa na mikono sita myembamba. Mikono hiyo haidumu. Jua la mchana linaiyeyusha, punje ndogo zinatangulia kuyeyuka, na maji yake usiku yanaganda kwenye zile kubwa. Baada ya siku kadhaa za kuyeyuka na kuganda, mteremko mzima umejaa punje za duara za milimita moja hadi tatu hivi, zinazoshikana usiku na kuachiana mchana. Skii ikipita wakati zimeachiana kidogo tu, haizami wala haikwaruzi. Inakata kwa ulaini, na hata mguu wa mtu asiyezoea unatii. Mwenyeji wako anayesifu hajatia chumvi.

Na kwa kuwa nimeitaja chumvi: kwenye mashindano ya majira ya machipuko, waandaaji hunyunyiza chumvi halisi juu ya theluji iliyolowa. Mara ya kwanza kuona niliduwaa, kwa sababu nilijua chumvi huyeyusha barafu. Lakini wewe fundi wa ubaridi utaelewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi. Chumvi inayeyusha kiasi, kule kuyeyuka kunameza joto la jirani, na theluji iliyobaki inashikana ikawa ngumu kwa muda, unaotosha wakimbiaji kushuka.

Watu hushangaa theluji inadumuje wakati hewa ina nyuzi joto 10 na wengine wamekaa nje ya mgahawa na fulana. Jibu unalo kwenye daftari lako la ufundi. Kilo moja ya barafu iliyo kwenye sifuri, ili igeuke maji yaliyo kwenye sifuri, inameza kilojuli 334, joto ambalo lingeweza kupandisha kilo moja ya maji kutoka sifuri hadi karibu nyuzi 80. Theluji ya mita mbili haimalizwi na wiki moja ya jua. Hesabu hiyohiyo inafanya kazi pia kinyume, na hapa ndipo wengi hawafiki. Maji yaliyolowesha theluji mchana, ili yagande tena, lazima yatoe joto lilelile. Joto hilo lina mlango mmoja mkubwa wa kutokea: anga ya usiku.

Ukiamka alfajiri ya mwezi wa saba hapa Mwanza, pitisha kidole kwenye bati la gari lililolala nje. Limelowa, na mvua haikunyesha. Usiku wa nyota bati hutupa joto lake juu, hakuna wingu la kulirudisha, basi linapoa kuliko hata hewa iliyo pembeni yake mpaka umande unakaa. Usiku wa mawingu bati huamka kavu, na wewe uliyelala ndani unatupa shuka pembeni. Theluji ni hodari kuliko bati katika kazi hiyo. Anga likiwa wazi na hewa ikiwa kavu, uso wake unaganda hata kama kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi mbili tatu juu ya sifuri. Mawingu yakiwa mazito, au ukivuma ule upepo wa joto kutoka kusini wanaouita Föhn, kipimajoto kinaweza kusoma vilevile na theluji isigande hata kidogo. Mtu aliyetazama kipimajoto peke yake ataona siku mbili zinazofanana. Aliyetazama nyota hakosei.

Gamba linaloganda usiku ndiyo akiba yako ya siku. Katikati ya Aprili jua la Innsbruck, mji ulio karibu na Stubai, huzama karibu saa mbili usiku na kurudi karibu saa kumi na mbili u nusu asubuhi, kwa hiyo mlima una saa kumi na nusu hivi za kupoa. Usiku wote ukiwa safi, gamba linakuwa nene na linavumilia jua kwa muda mrefu. Mawingu yakiingia saa nane usiku, akiba ni nusu, na siku ya kuteleza itakwisha mapema. Wazee niliofanya nao kazi walikuwa wakifika karakanani alfajiri, kabla ya salamu wanauliza: "Usiku kulikuwa wazi?" Ndivyo wavuvi wa dagaa wa huku wanavyoulizana habari za upepo kabla ya kusukuma mtumbwi. Nilijisikia nyumbani kila nilipowasikia.

Hata Kilimanjaro ina mchezo huu, tena kila siku ya mwaka. Kule juu, karibu na mita 5,895, mchana kuna jua la ikweta na usiku kuna baridi kali. Ndiyo maana wataalamu wa milima ya tropiki husema huko kila siku ni kiangazi na kila usiku ni majira ya baridi. Alps hupata mpangilio unaokaribiana na huo kwa wiki chache tu, kati ya Machi na Mei.

Sasa Jumamosi yako. Nitatumia saa zetu. Bango la huko likiandika 8:30, wewe soma saa mbili u nusu. Tuseme usiku ulikuwa wa nyota. Lifti za kupandisha watu mlimani zikifunguliwa, theluji ni ngumu. Mashine za kusawazisha zilipita jioni zikaikuta imelowa, zikaichana mistari kama nywele, na mistari ile ikaganda hivyohivyo. Skii ikipita juu yake inalia, na mtikisiko unapanda kutoka kwenye nyayo hadi kwenye meno. Hicho ndicho kioo cha mwenyeji wako wa pili. Wenye ujuzi na kingo zilizonolewa wanaipenda saa hiyo, wewe usiiguse. Ukianguka kwenye theluji ya namna ile huanguki tu, unaendelea kuteleza kwa mgongo mpaka mteremko uishe. Tumia muda huo kukodi vifaa, kunywa chai, na kuzoea kutembea na buti, kazi ambayo si ndogo.

Kwenye saa nne hivi, miteremko inayotazama mashariki inaanza kulegea. Kule juu kabisa, kupita mita 2,800, ongeza saa nzima au zaidi. Hapo sasa una saa mbili, tatu ukibahatika, na ndizo zako. Utajua zimefika kwa sauti: ule mlio wa kukwaruza unakatika, unasikia kama mtu anamwaga mchele taratibu kwenye ungo. Kuanzia saa saba mchana upande wa jua umeshazidiwa. Skii inazama, theluji inanyonya kama tope la majaruba, na kila ukigeuka unasukuma mzigo. Huo ndio uji. Na ndiyo sababu ya kuondoka alfajiri, kwa kuwa kutoka Munich hadi Stubai, kupitia Innsbruck, ni mwendo wa gari wa saa mbili na ziada. Mkitoka saa tatu asubuhi, mkapaki, mkakodi vifaa na kupanga foleni, mtafika wakati chenga ndiyo zinaisha.

Kuna jambo ambalo sisi wa huku hutuchukua muda kuliona, na mimi lilinichukua msimu mzima. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Jua linapita karibu na utosi, na kila upande wa mawe ya Capri Point unapata sehemu yake. Innsbruck iko nyuzi 47 kaskazini, na jua la huko halifiki utosini hata siku moja. Mchana kamili wa katikati ya Aprili linasimama kama nyuzi 53 juu ya upeo, upande wa kusini. Kwa hiyo mlima una mgongo na uso. Mteremko unaotazama kaskazini unaweza kuwa bado na theluji kavu ya majira ya baridi, wakati ule wa kusini, mita mia moja tu ng'ambo ya ukingo, umeshakuwa uji. Wazoefu hulifuata jua: wanaanza na mashariki, wanahamia kusini, halafu magharibi, na kaskazini wanaiweka ya mwisho. Ukiona wenyeji wako wanahama lifti kila baada ya nusu saa, hawatangitangi. Waulize wanafuata nini, watafurahi kukueleza.

Hayo yote ni ya siku ya jua. Stubai iko juu sana: kituo cha chini kiko kwenye mita 1,700 na kitu, na lifti hupanda hadi karibu mita 3,200. Urefu huo ndio unaoiwezesha kufunguliwa kuanzia vuli hadi Juni, wakati vituo vingi vya chini vimeshafunga kabla Aprili haijaisha. Urefu huohuo unaweza kukurudisha Januari kwa usiku mmoja. Nimeamka mara kadhaa katikati ya Aprili nikakuta theluji mpya inafika gotini na baridi ya nyuzi kumi chini ya sifuri, na habari zote za chenga zikawekwa kando kwa siku mbili. Siku nyingine utakuta theluji yenye rangi ya chai ya maziwa. Ni vumbi la Sahara, limevuka Mediterania kwa upepo. Linaifanya theluji imeze jua zaidi na kuyeyuka haraka, na skii inakwama juu yake kana kwamba kuna mkono umeishika. Siku ya kwanza kuliona nilisimama nikalitazama kwa muda, kipande cha Afrika kimelala juu ya barafu ya Ulaya.

Nikueleze pia siku ya mwaka wangu wa pili, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha saa ya kutoka mlimani. Ilikuwa saa tisa alasiri, na rafiki akasema tushuke mara moja ya mwisho. Miguu ilikuwa imechoka, mawingu yameshuka, mwanga hauna kivuli hata huoni bonde wala tuta. Theluji ilikuwa imelowa tangu saa sita. Tulikuwa kwenye njia ya bluu, iliyo rahisi kuliko zote, na nilikuwa nakwenda taratibu. Skii ya kushoto ikaingia kwenye rundo la theluji lililosukumwa hapo na waliopita, ikasimama. Mwili haukusimama. Goti likajipinda kwa ndani, na kwa wiki saba nilitembea na mikongojo. Hakuna aliyenigonga, hakukuwa na kasi, na vifungo vinavyoshika buti kwenye skii havikufyatuka kwa sababu havikupata nguvu ya kutosha ya kufyatuka. Goti ndilo kiungo kinachoumia zaidi kwenye skii, na theluji nzito ya mchana inalionea. Tangu siku ile, kila mwanafunzi wangu wa Aprili nilimtoa saa saba, hata aliponisihi. Na wewe nakuomba: saa saba vua buti. Wenyeji wakitaka kuendelea, waendelee, wewe kaa juani uwasubiri.

Basi mtu kama wewe aende? Aende, na Aprili inamfaa anayeanza kuliko Januari, mradi ashike zile saa. Ila mlipe mwalimu wa saa mbili, usikubali kufundishwa na marafiki. Rafiki anakupenda, atakupandisha juu kabla hujajua kusimama. Stubai ina eneo la wanaoanza pale Gamsgarten, kama mita 2,600, na hapo panatosha kwa siku nzima. Utahema kidogo. Ukiwa umezaliwa kando ya ziwa lililo kwenye mita 1,134, umeshazoea urefu kuliko wengi wa Munich, mji ambao uko chini yetu kwa mita 600, lakini 2,600 ni 2,600. Kunywa maji, panda ngazi polepole. Na ukijisikia mgeni kati ya watu walioanza wakiwa na miaka mitatu, mkumbuke Mkenya Philip Boit. Alikuwa mkimbiaji wa riadha, akaingia Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano mwaka 1998 kwenye mbio za skii za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimsubiri kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia, na baadaye Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Hatari kubwa iko nje ya njia zilizowekewa alama, na hapa sina neno la kulainisha. Austria njia zina rangi: bluu, nyekundu, nyeusi. Wewe ni wa bluu. Nje ya vigingi vile kuna mambo mawili yanayoua. Moja ni maporomoko ya theluji. Theluji ikilowa hadi ndani, maji yanalegeza viungo vya punje na mteremko mzima unaweza kuondoka kama zege bichi. Hatari hupimwa kwa ngazi tano kote Ulaya, na Aprili ngazi inaweza kuwa ya kwanza asubuhi na ya tatu mchana wa siku hiyohiyo, kwa sababu ileile ya gamba na jua. La pili ni mipasuko ya glasia. Stubai si mlima wenye theluji tu, chini yake kuna barafu inayotembea, na barafu inayotembea hupasuka. Theluji hufunika mipasuko kama daraja, na joto la machipuko hulidhoofisha daraja hilo. Mtu akikuambia "tukate hapa, ni karibu", kataa, hata kama ndiye bosi wa mafunzo. Namba ya uokoaji wa milimani Austria ni 140, na 112 inafanya kazi Ulaya yote. Ziandike kwenye simu kabla ya kuondoka Munich.

Mavazi hayana maneno mengi. Vaa tabaka tatu za kuvua na kuvaa: nguo nyepesi ya ndani isiyo ya pamba, sweta, na koti lisilopitisha maji. Suruali ya jinzi usivae kabisa. Ikilowa saa nne, utakuwa nayo imelowa mpaka saa kumi. Suruali ya theluji, kofia ngumu na skii zenyewe vyote vinaweza kukodishwa hukohuko. Glavu chukua jozi mbili, kwa kuwa Aprili ya kwanza italowa. Soksi vaa jozi moja tu, nyembamba, ndefu. Wanafunzi wangu kutoka nchi za joto walikuwa wanavaa mbili wakidhani wanajikinga na baridi, na zile mbili zinabana damu na miguu inaganda upesi zaidi. Buti ikikubana kidogo kwenye muundi ni sawa, ikikuachia nafasi kisigino kinyanyuke, irudishe. Na mwambie fundi wa karakana akupakie nta ya theluji ya joto. Ni dakika tano za kazi, nami nilikuwa nafurahi mtu akiniuliza, maana wengi hawajui kwamba skii yenye nta ya baridi hushikwa na theluji iliyolowa.

Macho na ngozi nitavikazia. Wewe umezoea mng'ao wa ziwa, lakini maji hurudisha chini ya sehemu moja ya kumi ya miale ile inayounguza. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80. Na kila ukipanda mita 1,000, miale yenyewe inaongezeka kwa kama asilimia 10. Jua linakupiga kutoka juu na kutoka chini: chini ya kidevu, ndani ya pua, kwenye midomo. Utaambiwa ngozi nyeusi haiungui. Inaungua. Midomo yangu ilipasuka mpaka nikashindwa kula ugali wa moto kwa wiki, na ngozi ya pua ilitoka vipande. Paka losheni ya kukinga jua ya namba 50, urudie kila baada ya saa mbili, na mafuta ya midomo yenye kinga. Miwani iwe ya kuzuia miale hiyo kikamilifu, daraja la 3 au la 4, inayofunika na pembeni. Atakayeteleza bila miwani siku nzima, usiku atahisi macho yametiwa mchanga, asiweze hata kuitazama taa.

Kwa mama, usimpelekee maneno ya kumtuliza tu. Mpelekee ukweli: kwamba utakuwa na mwalimu, kwenye njia ya bluu, na kofia ngumu, na saa saba utakuwa umevua skii. Kisha mwonyeshe bima. Bima ya safari uliyokatia viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, lazima ifike euro 30,000, lakini bima za aina hiyo zinaweza kuacha nje michezo ya theluji. Soma karatasi yako mstari kwa mstari, na kama haijatajwa, lipia nyongeza kabla ya safari. Helikopta ya uokoaji ikija kukuchukua mlimani na huna bima, ankara inaweza kumeza mishahara ya miezi mingi ya Mwanza. Nimewaona watu waliolia kwa ajili ya ankara kuliko kwa mguu.

Imebaki Ijumaa usiku. Tazama utabiri wa Stubai kwenye simu, usitosheke na anga la Munich kwa sababu mawingu ya bondeni si mawingu ya mlimani. Tafuta mambo mawili: mawingu ya usiku, na urefu ambapo hewa inafika sifuri. Anga likiwa wazi, lala mapema, saa kumi na moja alfajiri muwe barabarani. Likifunikwa na mawingu mazito, na sifuri ikawa juu ya mita 3,000, waambie wenyeji kwamba kesho hakuna chenga. Msiahirishe safari kwa ajili hiyo, ila usikodi skii. Panda na gari la kebo hadi juu, simama kwenye jukwaa la kutazamia lililo mita 3,210, vua glavu, uchote theluji kiganjani na kuibana. Ikimwagika kama unga na kukataa kushikana, ni ya majira ya baridi. Ikishikana donge bila kutoa maji, imelowa kidogo. Maji yakichuruzika katikati ya vidole kama unakamua nazi, imeoza siku hiyo. Hicho ndicho kipimo cha kwanza nilichofundishwa kule, na mkono wako ulioshika barafu ya sangara miaka yote hiyo utakielewa bila mwalimu. Ukirudi, niandikie uliikuta ya aina gani, na saa ngapi.